Msala wa ghorofani Mji Mkongwe: vigae chini, chokaa ukutani

Nyumba iko Mji Mkongwe, Unguja, kwenye vichochoro vya upande wa Malindi. Ina ghorofa moja juu, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zenye unene wa karibu nusu mita, na sakafu ya juu imebebwa na boriti za mikoko. Anakaa mama mtu mzima, ambaye nyumba nzima inamwita Bi Mkubwa, pamoja na mwanawe wa kiume, mkewe na watoto wao. Binti yake mkubwa yuko Maskati na ndiye anayetoa fedha za matengenezo. Tuliitwa kwa jambo lililoonekana dogo: vigae vya msala wa juu, yaani choo na bafu la ghorofani, vinabanduka, sakafu inateleza, na Bi Mkubwa ameshaanguka humo. Swali lililokuwa mezani lilikuwa aina ya vigae tu. Binti alishatuma picha kutoka dukani Maskati: vipande vikubwa vya sentimita 60 kwa 120, vyeupe vyenye mishipa ya kijivu kama marumaru, vinang'aa, kuanzia sakafuni mpaka dari.

Tulianzia chini, sebuleni, kwa sababu msala wa juu katika nyumba za namna hii husomwa kwanza kwa chini yake. Boriti tatu za mwisho zilikuwa zimeingia weusi pale zinapokaa ukutani. Chokaa baina yao ilikuwa imevimba na kuacha ramani za rangi ya chai. Fundi mwashi tuliyekwenda naye alichukua bisibisi akaichomeka kwenye ncha ya boriti moja; ikazama mpaka kwenye mpini. Boriti nzima ya mkoko haifanyi hivyo hata kidogo, ni mti mgumu ambao msumari wenyewe huugomea. Tukaambizana kwamba habari ya rangi ya kigae isubiri.

Msala una mita 1.8 kwa 2.4. Kuta zake mbili ni za asili, za mawe: mmoja unatazama kichochoro na mwingine unatazama uwazi wa ndani. Wa tatu ni wa matofali ya saruji, uliongezwa baadaye ili kukata chumba kirefu vipande viwili. Wa nne una mlango. Mahali pa kuogea palikuwa kwenye kona ya kuta mbili za mawe, na hapo ndipo bomba la chuma la zamani lilipopitishwa ndani ya ukuta. Kuta zote nne zilikuwa zimevishwa vigae mpaka mita moja na nusu. Juu ya mstari wa vigae, kwenye kuta za mawe tu, plasta ilikuwa imeota chumvi nyeupe yenye manyoya, rangi ikijikunja na kudondoka. Ukuta wa matofali ulikuwa safi.

Tofauti hiyo baina ya kuta ndiyo iliyoeleza kisa kizima. Jiwe la tumbawe lina vitundu vingi na hunywa maji. Chokaa inayolifunga hunywa na hutema: unyevu ukiingia, unatoka tena kwa kukauka, alimradi uso wa ukuta uko wazi kwa hewa. Ukivisha ukuta huo plasta ya saruji na kigae juu yake, mlango wa kutokea umefungwa. Maji ya bomba linalovuja, ya mvua inayopiga kichochoroni na ya nyufa za groti, ile saruji ya kujazia baina ya vigae, yanabaki humo, kisha yanapanda mpaka yapate pahala palipo wazi, yaani juu ya kigae cha mwisho. Hapo yanakauka na kuacha chumvi iliyokuwemo. Na kwa kuwa ncha za boriti zimepachikwa ndani ya ukuta huohuo, zinakaa katika maji mwaka mzima. Mti hauozi kwa kurowa mara moja. Unaoza kwa kutopata nafasi ya kukauka.

Tulipobandua vigae vya ukuta wa kichochoroni, plasta ya saruji ilitoka vipande vikubwa vigumu, na chokaa ya asili nyuma yake ikamomonyoka mkononi kama biskuti iliyochovywa kwenye chai. Bomba la chuma lilikuwa limeoza kwenye kiungo cha kona, likitoa tone moja baada ya jingine. Hakuna aliyeliona kwa sababu vigae vililificha. Mtu anaposifia vigae kwamba "vinaziba", hana budi kukumbuka kwamba vinaziba na macho.

Sakafu nayo ilikuwa na historia yake. Chini kabisa palikuwa na sakafu ya asili ya chokaa na kokoto za matumbawe, ile ya kupigiliwa. Bi Mkubwa anakumbuka watu wakipanga mistari na vipande vya miti, wakipiga kwa kuitikiana nyimbo mpaka chokaa ishikane. Juu yake palimwagwa saruji na niru nyekundu, yaani saruji laini ya kusuguliwa. Juu ya niru vikawekwa vigae vyeupe vidogo, na juu ya vigae hivyo, bila kubandua kitu, vikabandikwa vigae vya manjano vinavyong'aa. Kwa jumla ni sentimita 9 za mzigo juu ya sakafu ya asili. Saruji ya namna hiyo ina uzito wa takriban kilo 2,000 kwa mita ya ujazo. Kwa eneo la mita za mraba 4.3 tu, boriti zilikuwa zimebebeshwa karibu kilo 780 ambazo aliyezipanga hakuzipigia hesabu. Vyumba vya Mji Mkongwe ni vyembamba, aghalabu mita mbili na nusu hadi tatu, kwa sababu urefu wa boriti ya mkoko ndio uliopanga upana wa chumba. Hakuna nguvu ya ziada ya kuchezea.

Baada ya hapo ndipo majadiliano yakaanza, na mengi yalipita kwa simu. Binti hakukubali kwa urahisi. "Mama, mimi nataka uoge pahala pazuri, kama pa hapa kwangu," alisema. Bi Mkubwa akamjibu, "Mwanangu, huko kwako chini kuna zege. Mie hapa nalala juu ya miti." Fundi kijana tuliyekuwa naye alikuwa upande wa binti. Kwake chokaa ni mambo ya zamani, saruji ndiyo inayoshika. Na ana hoja yake, maana nyumba nyingi alizozijenga ni za matofali ya saruji huko mitaa ya Ng'ambo na Fuoni, nje ya Mji Mkongwe, na huko kigae mpaka dari hakina madhara yoyote. Kosa ni kuihamisha kanuni ya tofali kwenye jiwe.

Vile vipande vya sentimita 60 kwa 120 tulivikataa kwa sababu tatu, na ya kwanza haina uhusiano na unyevu. Kuta za mawe hazijanyooka. Tulipoteremsha timazi, ukuta wa kichochoroni ulikuwa umeachana nayo kwa sentimita 4 kutoka juu hadi chini. Kigae kikubwa hakiwezi kufuata mawimbi ya ukuta. Lazima kwanza uunyooshe kwa saruji nene, uongeze uzito na ufunge kile tunachotaka kukifungua. Sababu ya pili ni huo ufungaji wenyewe. Ya tatu ni maji ya Unguja: kisiwa kimekaa juu ya mawe ya chokaa, maji ya visima ni magumu na huacha ukungu mweupe kila yanapokauka. Juu ya kigae kinachong'aa ukungu huo unaonekana siku ya pili, na dawa yake ya kawaida ni asidi ya chooni, ambayo inakula groti ya saruji kila inapomwagwa. Miaka michache groti imebaki mapengo, na maji yanapata njia.

Mbao za plastiki za kubandika ukutani, ambazo sasa ziko kila duka la vifaa vya ujenzi, hazikutuchukua muda. Ni nyepesi, ni rahisi, na nyuma yake ukungu wa kuvu unaota kwa raha bila kuonekana. Terazo ningeipenda, ziko nyumba za miaka ya 1950 na 1960 Unguja na Dar ambazo sakafu zake za terazo bado zinatazamika. Lakini terazo ni nzito, inataka tabaka nene chini yake lisiloyumba, na vipande vyake vya marumaru havipatani na asidi. Niru ya saruji ni rahisi kuliko zote, ila sakafu ya boriti inacheza kidogo mtu anapotembea, na niru haina subira na mchezo huo. Inapasuka.

Ilibaki chokaa. Mkwe wa Bi Mkubwa aliuliza swali la haki: chokaa chooni itastahimili vipi? Jibu liko umbali mfupi kutoka mjini. Mabafu ya Kidichi, aliyoyajenga Sayyid Said mwaka 1850, ni ya mawe na chokaa, na nakshi zake za plasta bado zinaonekana ukutani. Birika za maji za nyumba za zamani za Lamu zilipakwa ndani kwa chokaa laini iliyosuguliwa, na watu wakafuga samaki humo wa kula viluwiluwi vya mbu. Moroko wana plasta yao ya chokaa wanayoisugua kwa jiwe kisha kuipaka sabuni ya mafuta ya zeituni. Sabuni inaungana na chokaa na kufanya ngozi inayosukuma maji lakini inayopitisha mvuke. Baadhi ya hoteli za Zanzibar zimeitumia. Kwa hiyo chokaa na maji si maadui. Ila Kidichi imekaa juu ya ardhi, haina mtu anayelala chini yake, na plasta ya Kimoroko inataka fundi aliyeifanya mara nyingi na mwenye nyumba asiyegusa asidi. Hapa hatukuwa na uhakika na yote mawili. Sakafu ya chokaa tupu, juu ya boriti, kwa familia inayooga kwa ndoo na kata na kutawadha humo mara kadhaa kwa siku, ingekuwa kamari.

Uamuzi haukutoka kwenye orodha ya vifaa. Ulitoka kwenye ramani ya chumba. Kama kona ya kuogea iko kwenye mawe, kila kifaa ni kibaya: kigae kinafunga ukuta, chokaa inapigwa na maji ya sabuni kila siku. Basi tuihamishe kona. Tukapeleka kuogea kwenye ukuta wa matofali ya saruji, ule ambao haujali kufungwa, na sinki likaja upande wa pili. Bomba la chuma liliachwa likiwa limekatwa na kuzibwa. Mabomba mapya ya plastiki yakapita juu ya ukuta, yanaonekana, yamefungwa kwa vishikizo. Binti hakuyapenda kwenye picha. Tukamwambia kwamba bomba linaloonekana, likivuja, utaliona siku hiyohiyo.

Baada ya hapo uso wa kila upande ulijichagua wenyewe. Ukuta wa matofali: dawa ya kuzuia maji mikono miwili, kisha vigae vya kawaida vya ukutani vya sentimita 20 kwa 40, vyeupe visivyong'aa sana, mpaka mita 1.8. Hivi ni vigae vyepesi vinavyonywa maji zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake mgongoni, na ukutani hilo si tatizo kwa kuwa havibebi mtu. Kuta za mawe: plasta ya chokaa na mchanga uliooshwa, bila hata kijiko cha saruji, kisha chokaa ya kupaka. Chini yake, sentimita 15 tu za kigae, kimo cha kurukiwa na maji ya sakafuni.

Sentimita hizo 15 zilizozaniwa sana. Mwashi mzee alitaka 10, fundi kijana alitaka mita moja. Zilikubaliwa kwa sababu dawa ya kuzuia maji ya sakafuni lazima ipande ukutani kidogo ili kona isiwe mlango, na kisha isimame.

Sakafu ndiyo iliyotaka kufungwa kikwelikweli, na hapo hatukubana fedha. Tabaka zote tatu za juu zilitolewa mpaka kwenye chokaa ya asili, kwa tindo na nyundo ndogo, bila mashine ya kutikisa. Boriti mbili zilibadilishwa. Ya tatu ilikatwa ncha iliyooza ikaungwa kwa chuma. Kazi hiyo ilikuwa na kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe, maana mji huu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000 na boriti si kitu cha kubadilisha kimyakimya. Chokaa iliyolegea ilirudishiwa kwa chokaa iliyochanganywa na unga wa tofali la kuchoma, mchanganyiko unaoiwezesha kushika hata penye unyevu. Juu yake tabaka jembamba la kutengeneza mteremko: sentimita 2 kwa kila mita upande wa kuogea, sentimita 1 kwingineko. Ungeweka 2 kila mahali, mwisho wa chumba ungerudisha uzito uliouondoa. Kisha dawa ya kuzuia maji yenye kunyumbulika, mkono wa kwanza kwa urefu, wa pili kwa upana, na kitambaa cha wavu kwenye kona zote na kuzunguka tundu la kutolea maji.

Kabla ya kigae hata kimoja, tundu lilizibwa na sakafu ikajazwa maji kimo cha sentimita 3, yakaachwa saa 24. Mtoto wa nyumba alipewa kazi ya kukaa sebuleni na kutazama dari. Aliifanya kwa uaminifu uliotuchekesha, mpaka chakula alipelekewa hapohapo. Dari haikutoa hata jasho.

Kigae cha sakafuni kilichaguliwa kwa miguu ya Bi Mkubwa. Muuzaji wa mjini alitusifia kigae chenye alama ya R10 kwamba hakitelezi. Alama hizo za R, kutoka 9 hadi 13, hupimwa kwa mtu aliyevaa viatu kwenye sakafu iliyopakwa mafuta. Zinafaa karakana na jiko la hoteli. Kwa miguu mitupu kwenye maji ya sabuni kuna kipimo kingine chenye herufi A, B na C: mtu anatembea juu ya ubao unaoinuliwa taratibu, na kigae cha B kinapaswa kumshika mpaka nyuzi 18, cha C mpaka 24. Uliza hicho. Muuzaji asipokijua, nunua vipande viwili vya mfano uende navyo nyumbani. Tulivilaza uani, tukamwagia maji ya sabuni, na Bi Mkubwa akapita juu yake pekupeku huku ameshikwa mikono miwili na wajukuu. Cha kwanza, chenye uso wa kijivu ulioonekana mkavu kabisa dukani, alikikataa kwa hatua moja. Cha pili alisimama akageuka. "Hiki kinanishika." Alikumbusha kwamba zamani walikuwa wakiingia msalani na mitalawanda, na mti juu ya chokaa ulikuwa haukwendi popote.

Kilichomshika ni poselini isiyong'aa ya vipande vidogo vya sentimita 5 kwa 5 vilivyogundishwa kwenye wavu. Udogo huo una faida mbili: unafuata mteremko bila kukata kigae mshazari, na kila hatua mguu unakanyaga mistari kadhaa ya groti, ambayo yenyewe ni breki. Poselini halisi hainywi zaidi ya asilimia 0.5 ya maji, na hapa ndipo mafundi wetu wengi wanapokosea bila kujua. Wamezoea kuloweka vigae kwenye ndoo na kuvilaza kwa saruji. Kigae cha kawaida kinanywa, kinavuta, kinashika. Poselini hainywi, kwa hiyo saruji tupu haina pa kujishikia; baada ya miezi ukigonga kwa sarafu kinalia tupu. Tulitumia gundi ya vigae yenye kunyumbulika, ikapakwa sakafu nzima kwa mwiko wa meno, si madonge matano kama yale tuliyoyakuta chini ya vigae vya manjano, yamezungukwa na maji machafu.

Groti ya sakafuni ilikuwa ya epoksi, ile gundi ngumu ya kuchanganywa, ghali, na ndiyo gharama pekee ambayo mtoto wa kiume aliilalamikia. Lakini hatukuwa na imani kwamba asidi ya chooni itatoka nyumbani humo kwa kuombwa. Epoksi haiogopi asidi hiyo. Anachoogopa fundi ni joto: mchana wa Unguja inaganda ndani ya bakuli, kwa hiyo ilichanganywa kidogokidogo na kuanza alfajiri. Kizingiti cha mlangoni kiliondolewa pia. Binti alikitaka kizuie maji; sisi tuliona ni kitu cha kumkwaa mama mwenye umri ule usiku, na mteremko ulitosha.

Binti aliridhika na vigae vya sakafuni alipoviona. Kuta za chokaa bado hazipendi. Chokaa ya kupaka huacha weupe kwenye nguo ukiiegemea, na inataka kurudiwa kila mwaka au miwili. Hayo tulimwambia kabla, na kulabu za taulo ziliwekwa zote upande wa matofali. Chumvi imeanza kutokeza tena kidogo kwenye ukuta wa kichochoroni. Hiyo inatarajiwa. Ukuta wa nusu mita uliolowa kwa miaka haukauki kwa mwezi, na plasta ya chokaa iko pale kuipokea chumvi badala ya jiwe. Ikichoka itabanduliwa na kupigwa nyingine. Dirisha la kioo kisichofunguka lililokuwa limewekwa miaka ya karibuni limerudishwa kuwa la vipande vya mbao, ili upepo upite. Kwa sasa ukuta huo una mkono mmoja tu wa plasta. Wa mwisho, pamoja na chokaa ya kupaka, umeachwa upite masika na vuli, upigwe wakati wa kaskazi, na Bi Mkubwa amekwisha muagiza mwashi mzee aanze kuizima chokaa yake mapema shimoni.